Nyuzi Tatu Kusini mwa Ikweta

Chukua ramani ya Afrika Mashariki, laza rula juu ya kilele cha Kibo, kisha ivute kuelekea mashariki bila kuipindisha. Rula itavuka nyika ya Tsavo, itapita kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi, na itaingia baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, jirani na kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Kibo kiko nyuzi 3 na dakika 4 kusini mwa Ikweta; majukwaa ya chuma yaliyosimikwa katika ghuba hiyo miaka ya 1960 yako nyuzi 2 na dakika 56. Tofauti ni dakika 8, yaani kama kilomita 15. Mkazi wa Shirimatunda, kata ya Manispaa ya Moshi iliyo chini ya mlima huo, anaishi basi karibu kwenye latitudo ileile ambako, kati ya 1967 na 1988, roketi 9 zilipandisha setelaiti na zote zikafika zilikotumwa. Mkazi huyohuyo anaposikia redioni utabiri wa masika, sehemu kubwa ya anachoambiwa imetokana na setelaiti za hali ya hewa. Hata hivyo, hakuna setelaiti ya utabiri iliyorushwa kutoka Ngomeni. Zile zinazotuangalia zilirushwa kutoka Florida, na baadaye kutoka Kourou huko Guyana ya Ufaransa, pwani iliyo mbali na Ikweta kuliko yetu. Jambo hili linadai maelezo. Hoja ya makala hii ni kwamba faida ya anga haigawiwi na jiografia. Inagawiwa na maandalizi, na maandalizi ya setelaiti ya hali ya hewa ni marefu kuliko tunavyodhani: yanaanza miaka mingi kabla roketi haijasimamishwa, na yanaishia kwenye kipimamvua kilichosimikwa uwanjani mwa shule.

Kwanza tuipe jiografia haki yake. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kila kilicho juu yake kinakwenda nayo. Ngomeni inakimbia kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Wallops Island, kituo cha Marekani kilichoko pwani ya Virginia karibu na nyuzi 38 kaskazini, inakimbia kwa kilomita 1,320 hivi. Roketi inayoelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure kabla haijawasha injini. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Setelaiti iliyorushwa kutoka nyuzi 38 haiwezi kuzunguka moja kwa moja juu ya Ikweta mpaka igeuzwe njia ikiwa angani, na kugeuza njia huko hula fueli nyingi. Iliyorushwa kutoka nyuzi 3 imeshafika. Msomaji wa Moshi anaweza kuuliza: kama ndivyo, kwa nini roketi zisirushwe kutoka mlimani, ambako Ikweta ni jirani na hewa ni nyepesi? Jibu liko katika hesabu na katika ubinadamu. Setelaiti hubaki juu kwa sababu inakimbia kilomita zipatazo 28,000 kwa saa kwenda mbele. Mita 5,895 za Kilimanjaro hazipunguzi sana deni hilo. Isitoshe, roketi huangusha vipande vyake vilivyokwisha kazi, na vipande hivyo huangukia mashariki. Mashariki ya mlima kuna Taita, kuna Tsavo, kuna watu wa pwani. Mashariki ya Ngomeni kuna maji matupu kwa maelfu ya kilomita. Uzuri wa mahali pa kurushia hupimwa pia kwa usalama wa wale walio chini ya njia ya roketi.

Aliyeiona faida hiyo mapema ni Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1962 Italia na shirika la anga la Marekani, NASA, walikubaliana kwamba Marekani itatoa roketi aina ya Scout na mafunzo, na Italia itatengeneza setelaiti na kutafuta mahali pa kurushia. Mgawanyo huo unafaa kutazamwa vizuri, kwa sababu ndani yake mna siri ya mafanikio yote yaliyofuata. Broglio hakuanza kwa kununua roketi. Alianza kwa kupeleka watu. Mafundi wa Kiitalia walikaa Wallops wakijifunza kuunganisha, kupima na kurusha, na tarehe 15 Desemba 1964 wao wenyewe, kwa mikono yao, walirusha setelaiti ya San Marco 1 kutoka pwani hiyo ya Virginia. Mwaka huohuo, kutoka jukwaa la Santa Rita lililokuwa limeshafika maji ya Kenya, walikuwa wamerusha roketi ndogo za uchunguzi, zile zinazopanda na kuanguka bila kuzunguka dunia, ili kuzoea bahari, rada na mawasiliano. Santa Rita lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta lililobadilishiwa kazi. Baadaye likaletwa jukwaa la pili, San Marco lenyewe, likasimamishwa kwa miguu ya chuma iliyokita kwenye mchanga wa bahari. Miaka mitano ilipita kati ya sahihi ya 1962 na urushaji wa kwanza mkubwa wa 26 Aprili 1967. Miaka hiyo haikuwa ucheleweshaji. Ndiyo iliyokuwa kazi.

Inafaa kuingia jukwaani na kuona kazi hiyo ilikuwa nini. Scout ilikuwa roketi ya vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ndefu kwa mita 22 na zaidi, na vyote vilitumia fueli ngumu iliyomiminwa ndani ya injini tangu kiwandani. Fueli ya namna hiyo haihitaji matangi wala mabomba ya baridi kali, ndiyo maana roketi hii iliweza kuandaliwa katikati ya bahari. Lakini ikishawaka haizimiki, kwa hiyo kosa lolote lazima ligunduliwe kabla. Roketi iliunganishwa ikiwa imelala, ndani ya kibanda kirefu chenye kiyoyozi, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani ni maadui wa fueli na wa nyaya. Kila waya ulipimwa, kila fataki ya kutenganisha vipande ilikaguliwa, kila kifaa kiliulizwa swali na kusubiriwa kijibu. Kipande cha nne, kilichobeba setelaiti, hakikuwa na usukani. Kilishika njia yake kwa kuzunguka kama pia. Kwa sababu hiyo kilisawazishwa kwa uangalifu mkubwa, maana pia isiyo na uwiano huyumba. Hapo ndipo roketi iliinuliwa wima. Amri ya mwisho haikutolewa jukwaani humo. Wahudumu waliondoka, na roketi iliwashwa kutoka Santa Rita, mita 500 hivi kando, kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Ukiziorodhesha tarehe za urushaji wote 9 utaona jambo jingine: hakuna hata moja iliyoangukia kati ya Juni na Septemba, miezi ambayo kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Nahodha yeyote wa jahazi wa Lamu angeikubali kalenda hiyo.

Setelaiti hizo zilifanya nini? Hapa pana pingamizi la haki. Mtu anaweza kusema kwamba San Marco haikuwa na kamera ya mawingu, hivyo kuiingiza katika historia ya hali ya hewa ni kuvuta kamba. Ni kweli hakukuwa na kamera. Setelaiti za mfululizo wa San Marco zilipima hewa yenyewe, kule juu kabisa ambako imebaki kidogo sana. Broglio alibuni mizani ya ajabu kwa urahisi wake: ganda jepesi la nje lililounganishwa kwa springi na mwili mzito wa ndani. Hewa ilipolisukuma ganda, springi zilijipinda kidogo, na kujipinda huko kukasomwa kama uzito wa hewa. San Marco 2 ya 1967 ilifanya kazi hiyo juu ya Ikweta, na nyingine zikafuata 1971, 1974 na 1988, zikipima pia joto la hewa hiyo na aina za gesi zilizomo. Elimu hiyo ina nafasi yake katika utabiri. Setelaiti yoyote inayozunguka chini chini, pamoja na zile za hali ya hewa zinazopita juu ya ncha za dunia, huvutwa na mabaki hayo ya hewa na kushushwa polepole. Na hewa hiyo hufura au kusinyaa kufuatana na jua. Asiyeijua uzito wake hawezi kukadiria setelaiti yake itaishi miaka mingapi wala itakuwa wapi kesho. San Marco haikutabiri mvua ya mtu yeyote. Ilichangia kuijua njia ambayo watabiri wa mvua wangepita.

Faida ya Ikweta ilionekana wazi zaidi tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Siku hiyo Ngomeni ilirusha setelaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi, iliyotafuta miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji. Njia yake juu ya Ikweta iliiepusha na eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevuruga vipimo, na Uhuru ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Miaka 9 kabla ya urushaji huo, usiku wa uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa amepandisha bendera na mwenge juu ya Kibo, na kilele hicho kikaitwa Uhuru. Majina mawili yanayofanana, kwenye latitudo karibu moja, huvutia kuandikiwa ushairi, lakini kwa mwanahistoria yanafundisha tofauti. Mwenge ulipandishwa na watu wenyewe kwa miguu yao. Setelaiti ilipewa jina letu, ikapandishwa na roketi ya Marekani, ikarushwa na Waitalia, na matokeo yake yakasomwa Marekani. Wakenya walifanya kazi kambini na majukwaani, lakini mnyororo wa maandalizi ulipita kwa wengine. Nchi ilitoa latitudo na heshima, ilipokea jina.

Je, ndiyo kusema Afrika Mashariki ilinyonywa? Wapo wanaosema hivyo, na malalamiko ya Wakenya kuhusu walichopata kutokana na Ngomeni yamesikika kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2016 Kenya na Italia ziliposaini makubaliano mapya yenye nafasi pana zaidi kwa mafunzo na matumizi ya data. Lakini ukilinganisha Ngomeni na majirani zake, utaona kwamba makubaliano, hata yenye kasoro, ni sehemu ya maandalizi sawa na fueli. Huko Tunguu, Unguja, Marekani ilijenga kituo cha kufuatilia wanaanga wa mradi wa Mercury kwa kuafikiana na Uingereza mwaka 1960. Kituo hicho kilikuwa na antena, hakikuwa na roketi, na kilifuatilia safari ya mwanaanga John Glenn tarehe 20 Februari 1962. Hata hivyo kilipingwa hadharani kama kambi ya roketi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa mwaka huohuo. Wenye nchi hawakuwa sehemu ya mapatano yake. Mfano wa pili ni wa Zaire, ambako kampuni ya roketi ya Kijerumani, OTRAG, ilipewa na Rais Mobutu eneo kubwa mno huko Shaba. Ilirusha roketi zake za majaribio tarehe 17 Mei 1977 na 20 Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilishindwa mbele ya Mobutu mwenyewe, na mwaka 1979, kwa shinikizo la mataifa yaliyotilia shaka nia ya mradi, kampuni ikaondolewa. Ngomeni ilidumu kwa sababu mkataba wake ulivuka mwaka 1963 ukaingia katika mikono ya serikali huru. Kilichokosekana ni kuutumia mkataba huo tangu mwanzo kufundisha vijana wengi kama Broglio alivyowafundisha Waitalia huko Wallops.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hoja hii unatoka ng'ambo ya Atlantiki. Ufaransa ilikuwa ikirusha roketi zake kutoka Hammaguir, katika jangwa la Algeria. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, Wafaransa walipewa muda wa miaka mitano kuondoka. Wakapima maeneo 14 duniani, Mogadishu likiwa mojawapo, na mwaka 1964 wakachagua Kourou. Kourou iko nyuzi 5 kaskazini, kwa hiyo kwa kipimo cha latitudo peke yake Ngomeni ingeishinda. Lakini Guyana ilikuwa ardhi ya Ufaransa. Hakuna serikali nyingine ambayo ingeweza kuamka asubuhi na kufuta mkataba. Bahari iko mashariki na kaskazini pia, kwa hiyo roketi zinaweza kwenda Ikweta au nchani. Juu ya hayo serikali ilimwaga fedha katika barabara, bandari, viwanda vya gesi na nyumba za wafanyakazi. Roketi ya kwanza iliruka Kourou Aprili 1968. Roketi ya kwanza ya aina ya Ariane ikafuata tarehe 24 Desemba 1979. Na tarehe 19 Juni 1981 Ariane ikapandisha Meteosat-2, setelaiti ya hali ya hewa ya Ulaya. Ngomeni, iliyotegemea roketi moja ya nchi nyingine, iliishia pale roketi hiyo ilipoishia. Urushaji wa mwisho ulikuwa tarehe 25 Machi 1988, Scout ikastaafishwa mwaka 1994, na majukwaa yakabaki na kutu huku kambi ya nchi kavu ikiendelea kufuatilia setelaiti za wengine. Hata Taifa-1, setelaiti ya Kenya yenyewe, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Ni kweli njia yake inapita nchani na haikuhitaji Ikweta. Lakini hilo nalo linaonyesha kwamba zawadi ya latitudo ina mipaka. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, hata kama ng'ombe alichinjiwa zizini kwa jirani.

Twende sasa Kourou tuitazame setelaiti moja inayotuhusu moja kwa moja: ile iliyorushwa kwa Ariane 5 tarehe 28 Agosti 2002 na kuitwa Meteosat-8. Ilikuwa na uzito wa tani 2, karibu nusu yake ikiwa fueli. Kabla ya kufika kwenye roketi, setelaiti ya aina hii hukaa wiki kadhaa katika ukumbi safi ambamo vumbi huhesabiwa, kwa kuwa chembe iliyoachwa juu ya kioo cha darubini haiwezi kufutwa tena setelaiti ikishapaa. Kisha hutiwa fueli. Fueli hizo ni sumu kali na huwaka zikigusana, ndiyo maana wanaozitia huvaa mavazi yaliyofungwa kabisa na kupumua hewa ya bomba. Baada ya hapo setelaiti hupandishwa juu ya roketi na kufunikwa kwa kofia itakayoikinga na upepo. Roketi yenyewe hujazwa haidrojeni kwa nyuzi 253 chini ya sifuri na oksijeni kwa nyuzi 183 chini ya sifuri katika saa za mwisho, kwa kuwa vimiminika hivyo havikubali kusubiri. Katika saa hizohizo watu wa hali ya hewa hurusha maputo. Upepo wa juu ukiwa mkali kupita kiasi, au radi ikiwa karibu, hesabu husimamishwa. Roketi ya Marekani ya Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili ilipokuwa inapaa Novemba 1969, na tangu hapo hakuna anayelichezea wingu. Setelaiti ya utabiri haiwezi basi kupanda bila utabiri. Puto la bei ndogo, lililorushwa na mtu aliyesimama chini, ndilo linaloipa ruhusa mashine ya tani 2. Meteosat-8 ilipanda hadi kilomita 36,000, ikajizungusha kama pia mara 100 kwa dakika, na kutoa picha kila robo saa. Kati ya 2016 na 2022 ilihamishiwa longitudo ya nyuzi 41.5 mashariki, juu ya Ikweta, mashariki kidogo mwa Lamu. Ilikuwa karibu utosini petu.

Lakini jicho la juu halimfai asiye na pa kupokelea. Mwaka 1977 unasema hivyo kwa ukali. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake makuu yakiwa Nairobi, na baada ya uhuru ikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 23 Novemba 1977 Meteosat ya kwanza ilirushwa kutoka Cape Canaveral, ikawekwa juu ya Ghuba ya Guinea, mahali ambapo iliiona Afrika yote. Mwaka huohuo Jumuiya ilivunjika, na kila nchi ikabaki kujenga huduma yake upya. Jicho lilifunguka juu wakati ule ule nyumba ya chini ilipogawanywa. Ilichukua muda mrefu kuziba pengo. Tanzania ilipata Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999, uliogeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya 2019. Setelaiti za kizazi cha Meteosat-8 zilipokuwa zinakuja, vituo vya kale vya kupokelea vingekuwa vyuma chakavu. Ndipo mwaka 2001 ulipoanza mradi wa PUMA, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, uliozipa nchi zaidi ya 50 za Afrika mitambo mipya na mafunzo. Jina lake lenyewe lilimaanisha maandalizi ya kuitumia Meteosat barani Afrika. Wenye setelaiti walikuwa wametambua kwamba roketi iliyofanikiwa bado inaweza kuwa safari iliyoshindwa upande wa mpokeaji.

Limebaki swali la mwisho, ambalo mkulima wa mlimani ana haki ya kuliuliza: haya yote ya nini, wakati wahenga walishasema dalili ya mvua ni mawingu, na kizazi baada ya kizazi kimeusoma mlima bila roketi? Usomaji huo ni elimu ya kweli, nao ndio uliochimba mifongo, yaani mifereji ya maji ya mlimani, na kupanga vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Ila una upeo. Mvua kubwa za 1961, zilizopandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na zile za El Niño za 1997, zilianzia kwenye joto la Bahari ya Hindi, mbali kupita macho ya mtu aliyesimama Kibosho au Machame. Wingu la jioni hukuambia habari za leo. Joto la bahari hukuambia habari za msimu. Wengine watapinga kutoka upande wa pili: kama setelaiti zinatoa picha bure kwa vituo vyetu, kuna haja gani ya kujisumbua na vipimo vya chini? Jibu linapatikana kwenye mteremko wenyewe. Moshi mjini hupata chini ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Ukanda wa msitu, mwendo usiozidi kilomita 20 kutoka Shirimatunda, hupata zaidi ya milimita 2,000. Nukta moja ya picha ya joto ya Meteosat-8 ilikuwa na upana wa kilomita 3 au zaidi, na ilichokiona ni baridi ya kichwa cha wingu, haikuona tone lililoanguka. Mawingu mafupi ya mlimani yanaweza kunyesha sana bila kuwa baridi, na setelaiti ikayadharau. Kinachorekebisha kosa hilo ni kipimo cha kituo: Moshi, uwanja wa ndege wa KIA, na vipimamvua vya shule, misheni na mashamba. Watabiri wa Tanzania wameunganisha kumbukumbu za vituo na za setelaiti kuwa ramani moja ya miongo kadhaa, na ramani hiyo ni dhaifu popote ambapo kipimamvua kilivunjika na hakikurudishwa.

Kwa hiyo anayesikitika kwamba roketi za Ngomeni zilinyamaza ana sababu, lakini asiishie kwenye majukwaa. Tulikuwa na latitudo ambayo Ulaya ingeitamani, nayo haikutosha, kwa kuwa roketi, mafundi na uchambuzi vilikuwa vya wengine. Katika mnyororo wa setelaiti ya hali ya hewa, sehemu ya katikati, yaani roketi yenyewe, bado ni ghali na bado iko mbali nasi. Ncha ya chini haiko mbali. Saa 3 asubuhi kila siku msomaji wa kituo hufungua kipimamvua, humimina maji kwenye bilauri yenye mistari, husoma milimita, huandika, hutuma. Haihitaji Ikweta wala jenerali wa jeshi la anga. Inahitaji kifaa kizima na mtu asiyeruka siku, maana siku iliyorukwa haiwezi kupimwa tena, kama roketi ya fueli ngumu isivyoweza kuzimwa ikishawaka. Waitalia walitumia miaka mitano kujiandaa kwa safari ya dakika chache. Sisi tunaulizwa dakika chache, kila asubuhi, kwa miaka yote.